Negativu zinanuka siki, panya wanakula madaftari: nianzie wapi?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba yetu alikuwa na studio ya picha hapa Ujiji kuanzia mwaka 1968 hadi alipougua mwaka 1999. Ametuachia maboksi 11 ya negativu na picha, kanda za video za harusi kama 40 hivi, na madaftari ya oda ambayo panya wameanza kuyatafuna. Baadhi ya maboksi yananuka siki hadi watu wa nyumbani wanalalamika. Zile picha nzuri nimezipiga kwa simu, nikazihifadhi kwenye flashi na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, kwa hiyo nilitaka kuchoma negativu ili chumba kipate nafasi. Nilitaka pia kufungua ukurasa wa Facebook wa picha za zamani za Kigoma, lakini baba mdogo amekataa kabisa. Anasema ni kuanika heshima za watu, kwa kuwa nyingine ni za akina mama ndani ya harusi, alizopiga mama yetu, ambaye yupo na ana miaka 84. Halafu kuna mgeni alipita akataka kununua maboksi yote. Nifanye nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Kabla hujamaliza kusoma, nakuomba kiberiti kiweke mbali na mgeni mwambie asubiri. Barua yako ina mambo matatu yaliyofungamana: harufu na nafasi ya chumba, imani kwamba picha iliyoingia kwenye simu imekwisha kuokoka, na mvutano kati yako na baba yako mdogo. Hata hivyo, jambo ambalo mimi naliona zito kuliko yote umelitaja kwa nusu sentensi, nalo ni yale madaftari ya oda. Leo hii, kabla ya kugusa negativu hata moja, yatie kwenye debe au sanduku la bati lenye mfuniko, mahali pakavu ambapo panya hafiki. Nitaeleza sababu yake baadaye.

Tuanze na siki. Filamu nyingi za enzi za baba yako zilitengenezwa kwa plastiki ya asetati, ambayo hupatikana kwa kuunganisha selulosi ya mimea na asidi ya asetiki, yaani asidi ileile iliyomo ndani ya siki. Joto na unyevu huuvunja muungano huo kidogo kidogo na kuiachilia asidi, na asidi ikishaachiliwa huharakisha kuvunjika kwa sehemu iliyobaki. Ndiyo maana negativu inaweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote, kisha ikishaanza kunuka huharibika kwa kasi. Plastiki husinyaa, na kwa kuwa utando wa jelatini unaobeba picha hausinyai kwa kiwango hichohicho, utando huo hujikunja na kufanya mifereji. Mvuke wa asidi nao huzichochea filamu jirani zilizomo ndani ya boksi lilelile. Hakuna dawa ya kuirudisha filamu katika hali yake ya mwanzo. Ubaridi na ukavu huchelewesha tu, na nakala huchukuliwa mapema. Kwa hiyo harufu hiyo inakuonyesha ni boksi lipi linakiliwe kwanza.

Yatenge maboksi yanayonuka, uyaweke kwenye chumba chenye kivuli na kinachopitisha hewa, mbali na yale mazima. Usiyafunge ndani ya mifuko ya plastiki, kwa sababu utakuwa umeifungia asidi humohumo ndani. Yainue yote juu ya sakafu kwa sababu ya mchwa, uyaepushe na dari ya bati kwa sababu ya joto, na usiyaegemeze kwenye ukuta wa nje unaoloa nyakati za masika. Unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu huanza kuota juu ya jelatini, na sisi tunaoishi kandokando ya ziwa tunajua jinsi kabati linavyonuka uvundo mvua zikikolea. Picha zilizogandana usizibandue kwa nguvu. Zenye kuvu usizifute kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa jelatini iliyokwisha kuliwa na kuvu huyeyuka na sura ya mtu huondoka nayo. Naftalini ambazo watu hupenda kutia kwenye masanduku sizipendekezi, kwa afya ya wanaolala humo na kwa usalama wa plastiki yenyewe.

Kuhusu kuchoma, kuna hatari ambayo huenda hukuifikiria. Filamu za zamani zaidi, zile za kabla ya miaka ya 1950, nyingi zilikuwa za plastiki ya nitrati, ambayo huwaka kwa ukali mno na haizimiki kwa kunyimwa hewa, kwa sababu inajitengenezea oksijeni yake yenyewe. Baba yako alianza kazi mwaka 1968, hivyo uwezekano wa kuwa nazo ni mdogo, isipokuwa kama alirithi mali ya studio iliyomtangulia. Ukikuta filamu ya rangi ya kahawia, inayonata au kugeuka unga, iache ilipo na uombe msaada.

Sasa tuje kwenye simu. Sikulaumu hata kidogo kwa kuitumia, maana simu ya kisasa iliyotulia juu ya kitu imara, kwenye mwanga wa dirisha usio wa jua kali na bila kuwasha taa yake, hutoa nakala nzuri ya kutazama. Tatizo limo katika hatua zilizofuata. Ulichokipiga ni picha iliyosafishwa, wakati negativu yake ina maelezo mengi zaidi: nyuso zilizomezwa na kivuli, mandhari ya pembeni iliyokatwa wakati wa kusafisha, pengine hata bango la duka nyuma ya bwana harusi. Kisha WhatsApp ilipoituma iliipunguza ukubwa na kufuta taarifa zilizofichwa ndani ya faili, zikiwamo tarehe na saa. Ukilazimika kutuma picha muhimu kwa njia hiyo, itume kama hati na siyo kama picha, ndipo itafika nzima.

Kuhusu skana, nitakupa hesabu ili usitishwe na wauza vifaa. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ukiiskani kwa nukta 600 kwa kila inchi utapata takriban pikseli 2,360 kwa 3,540, na faili yake ya TIFF (aina ya faili ya picha) isiyobanwa itakuwa kama megabaiti 25. Picha 4,000 za namna hiyo ni kama gigabaiti 100, ambazo diski ngumu ya kawaida inazibeba bila shida. Faili ya TIFF ndiyo ya kutunza, kwa kuwa haipotezi kitu kila inapohifadhiwa upya. JPEG, aina ya faili iliyobanwa, itengeneze kutokana nayo kwa ajili ya kutuma na kuonyesha. Skana ya kawaida ya steshenari haifai kwa negativu, kwa sababu negativu inahitaji mwanga unaopita ndani yake. Kama huna skana yenye taa ya juu, unaweza kutumia skrini nyeupe ya simu ya pili au tableti, ukainua juu yake kipande cha plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, ukalaza negativu hapo na kuipiga kwa karibu, kisha ukageuza rangi kwa programu. Njia hiyo haitoshi kwa kumbukumbu ya kudumu, lakini kwa kutambua kilichomo kwenye kila bahasha inatosha sana, na hicho ndicho unachokihitaji mwanzoni.

Usijaribu kuskani kila kitu. Picha za pasipoti za mtu yuleyule, zilizorudiwa mara nne kwa sababu alipepesa macho, zinaweza kusubiri. Vinavyotangulia ni vinavyonuka na filamu za rangi, kwa kuwa rangi za miaka ya 1970 na 1980 hufifia hata zikiwa gizani, na ndiyo sababu picha nyingi za wakati ule zimegeuka nyekundu. Filamu nyeusi na nyeupe, ambayo picha yake ni chembe za fedha, huvumilia zaidi ikiwa plastiki yake ni nzima.

Jambo jingine, kwa sababu najua vijana wa nyumbani watakushauri hivyo: programu za akili mnemba zinazong'arisha sura na kutia rangi hazirudishi kilichopotea, zinabuni kinachofanana nacho. Macho unayoyaona baada ya kung'arishwa yanaweza kuwa si macho ya bibi yako. Tengeneza nakala hizo kwa kujifurahisha ukipenda, lakini ziandike wazi kwamba zimebuniwa, na zisikae kamwe mahali pa ile ya asili.

Flashi nayo haikutengenezwa kuwa ghala. Inahifadhi data kama chaji ya umeme ndani ya vyumba vidogo sana, na chaji hiyo huvuja polepole kifaa kikikaa bila kuchomekwa, hasa penye joto. Tena flashi nyingine zinazouzwa kwa bei rahisi huandikwa uwezo zisiokuwa nao, na mtu hugundua siku anapofungua faili tupu. Kanuni inayofuatwa na watunzaji ni kuwa na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo iwe mbali na nyumbani. Kwa Kigoma neno "mbali" lina maana kamili: kuanzia mwaka 2020 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuwafikia watu wa mwambao majumbani mwao, hivyo diski mbili zilizoko Ujiji na Kibirizi zinaweza kuangamia kwa balaa moja. Moja ikae kwa ndugu aliyeko Kasulu, Tabora au Dar es Salaam. Diski hizo zijaribiwe kila mwaka na zibadilishwe kila baada ya miaka mitano hivi hata kama bado zinafanya kazi. Na umeme unapokatika katikati ya kunakili, faili huweza kuharibika, kwa hiyo nakili kwa kompyuta ya mpakato yenye betri iliyojaa.

Utajuaje kwamba faili haijabadilika? Kuna hesabu iitwayo SHA-256, ambayo husoma faili yote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu, na ikibadilika hata biti moja, yaani chembe ndogo kabisa ya data, mfuatano wote hubadilika. Kompyuta za Windows zinayo tayari kupitia amri ya certutil. Iandike mifuatano hiyo siku ya kwanza, kisha ilinganishe kila mwaka. Inachosha, nakiri, na kwa kazi yako inatosha kuanza na zile picha chache ambazo familia haiko tayari kuzipoteza.

Na usiwasikilize wanaosema kilichoko mtandaoni hakipotei. MySpace, mtandao wa kijamii wa zamani, ilitangaza mwaka 2019 kwamba picha, video na nyimbo zilizopakiwa kwake kabla ya mwaka 2016 huenda zisipatikane tena, baada ya hitilafu wakati wa kuhamisha mitambo. Google iliondoa hifadhi ya picha ya bure isiyo na kikomo mwezi Juni 2021, na sasa inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili. Fikiria akaunti ambayo nywila yake aliijua marehemu peke yake. Hifadhi ya mtandaoni ni nzuri ikiwa nakala ya tatu, na watu wawili wa familia wawe na funguo zake.

Hayo yote yana ufundi, na ufundi hununulika. Madaftari ya oda hayanunuliki. Mpiga picha wa studio huandika namba, jina la mteja, tarehe, idadi ya nakala na malipo. Namba hiyohiyo mara nyingi huwa imeandikwa kwenye bahasha ya negativu. Kwa maneno mengine, marehemu aliacha tayari orodha ambayo nyumba kubwa za nyaraka hutumia miaka kuijenga upya bila kuipata. Ndiyo maana narudia kusema usizipange upya bahasha zake kwa vile unavyoona wewe inafaa, harusi huku na watoto kule. Mpangilio wake ndio unaounganisha bahasha na daftari, na ukiuvunja hakuna programu itakayourudisha. Piga picha kila ukurasa wa madaftari kwanza, hata kwa simu hiyohiyo, kisha uipe kila negativu namba inayoanza na ile aliyoitumia yeye.

Angalia kinachotokea daftari likikosekana. Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na mkusanyiko wake umo kwenye Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, ambayo mwaka 2008 ilianza kuweka maelfu ya picha za hifadhi yake, zikiwamo za Dobbertin, kwenye Wikimedia Commons, ghala huria la picha mtandaoni. Zimeskaniwa, zina namba, zinapatikana na mtu yeyote mwenye intaneti. Lakini ukiyasoma maelezo yake, mara nyingi utamkuta askari au mfanyakazi ametajwa kwa kazi yake au kabila lake, bila jina. Kiufundi zimehifadhiwa vizuri, ila wajukuu wa watu hao wanaweza kuzipita bila kujua wamemwona nani. Picha za studio ya Ujiji hazina sababu ya kuishia hivyo wakati waliopigwa, au wadogo zao, bado wanakaa barazani jioni.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kumwendea ni mama yako. Ana miaka 84, alikuwamo ndani ya kazi ile, na kila mwezi unaopita bila kumuuliza ni hasara kubwa kuliko inayofanywa na siki. Mchapishie picha kwa ukubwa wa kuonekana, kaa naye muda mfupi kila mara asichoke, mwombe ruhusa ya kurekodi sauti, kisha andika nani, wapi, lini, shughuli gani, na nani aliyekueleza. Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili na majina yao. Si kazi yako kuamua nani amesahau. Utaona pia kwamba wanawake wengi wameandikwa daftarini kama mke wa fulani au mama fulani. Uliza majina yao wenyewe.

Nikija kwa baba yako mdogo, naona ana haki katika sehemu kubwa ya anachokisema, ingawa hana haki ya kufunga mlango wote. Akina mama wale walivua baibui mbele ya wanawake wenzao, wakakubali kupigwa picha kwa kuwa aliyeshika kamera ni mama yako. Ruhusa ile ilikuwa ya chumba kile. Haihamii Facebook, ambako picha ikishachukuliwa na kusambazwa hutaweza kuirudisha hata ukifuta ukurasa. Wewe na baba yako mdogo mnabishana kuhusu picha ambazo aliyezipiga yu hai, yumo humo ndani, na barua yako haionyeshi kama kuna aliyemuuliza. Mwulizeni, naye akiona inafaa awaulize wenzake, kila mmoja kwa picha yake.

Zigawe picha kwa namna ambayo familia nzima inaielewa. Picha za mitaa, za vyombo vya ziwani, za wachezaji wa mpira na za shughuli za hadhara zinaweza kuonyeshwa, pamoja na namba ya simu ya kupigiwa na mtu anayetaka yake iondolewe, na akiomba iondolewe bila mabishano. Picha za majumbani zisubiri ruhusa ya mhusika au watoto wake. Kumbuka wapo waliokwisha kuachana na kuolewa kwingine. Nyingine zifungwe kabisa kwa sasa. Hapa nawafikiria hasa watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 na Kongo katika miaka ya 1990, ambao wengi walihitaji picha kwa ajili ya vitambulisho. Sura, jina na mahali alikotoka mtu, vikiwekwa pamoja hadharani, vinaweza kumletea madhara yeye au watoto wake hata leo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inakutaka uwe mwangalifu na taarifa zinazomtambulisha mtu, kwa hiyo kabla ya kufungua ukurasa wowote wa umma zungumza na mwanasheria.

Mgeni jibu lake ni fupi. Maboksi ni sehemu ya mirathi, na pia haki za picha alizopiga baba yako ni za warithi wote. Za mama yako ni za mama. Huwezi kuuza peke yako hata ungetaka. Kama anachotaka kweli ni kuzihifadhi, mweleze kwamba hata mpango wa nyaraka zilizo hatarini wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, unaofadhili kazi kama hizi tangu mwaka 2004, una sharti kwamba nyaraka za asili zisiondoke katika nchi yake. Aje na vifaa, askani Ujiji, awaachie faili zote kwa ukubwa kamili, na matumizi yake yaandikwe kwenye mkataba mnaouelewa. Akikataa masharti hayo, utakuwa umemfahamu.

Kanda za video zisicheleweshwe, kwani hapo tatizo kubwa ni mashine. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016, na zilizobaki mitaani zinazidi kuchakaa. Usijaribu kanda kwenye deki ambayo haijasafishwa, na yenye unga mweupe wa kuvu usiichomeke kabisa, maana itaichafua deki na kanda zote zitakazofuata. Nzima zihamishiwe kwenye kompyuta na fundi mwenye kifaa cha kunasa video, ukiwa umekaa naye, kwa sababu baadhi ya harusi hizo ni zilezile za akina mama na fundi hapaswi kubaki na nakala.

Jokofu la kugandisha, ambalo utasikia likisifiwa kwa filamu zenye siki, kweli hupunguza kasi ya uharibifu, ila linadai mifuko isiyopitisha unyevu na umeme usiokatika, na filamu inayoganda na kuyeyuka kila wiki inaumia zaidi. Kwa nyumba yako nisingelianza.

Msaada wa ana kwa ana utafute kwa filamu zilizonyauka au kugandana, kanda zenye kuvu, na chochote unachoshuku kuwa nitrati. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ndiyo yenye dhamana hiyo kitaifa na inaweza kukushauri hata kwa nyaraka za familia. Kwa ukaribu zaidi, Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi Tabora na kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu, na kutoka Kigoma treni inafika. Ukienda usibebe boksi zima. Chukua bahasha tatu, moja nzima, moja inayonuka na moja iliyoharibika kabisa, pamoja na picha za kurasa za daftari zenye namba za bahasha hizo, na daftari lenyewe liache nyumbani kwa mama.